Kule Nyuma Kusiko na Upepo

Mama yangu aliogopa upepo kuliko alivyoogopa risasi. Sisemi hivi kwa mzaha. Tulipokuwa wadogo, pale Mapendo, mtaa wetu wa Goma, bunduki zikianza kulia upande wa milimani alitulaza chini ya kitanda, kisha akarudi kwenye ungo wake kuchambua maharagwe. Lakini mtu akiacha mlango wazi jioni na hewa ya ziwa ikaingia, ungedhani ameingia nyoka. "Funga! Mupepo itaniulia batoto!" Kila mmoja wetu alikuwa na kofia ya sufu, na tuliivaa hata siku za jua kali. Kikohozi kilikuwa upepo. Homa ilikuwa upepo. Maumivu ya mgongo yalikuwa upepo ulioingia zamani ukakataa kutoka. Moshi wa mbabula, lile jiko la makaa tulilopikia ndani ya chumba hicho hicho tulicholala, haukuwahi kushtakiwa kwa lolote. Moshi ulikuja na joto, na joto kwetu lilikuwa uzima.

Hakuwa peke yake. Simama asubuhi yoyote Keshero, kwenye njia ya kuteremkia ziwani, uhesabu watoto wachanga waliofungwa vitambaa hadi pua haionekani. Mji mzima umelelewa hivyo. Tunaishi chini ya mlima unaotema moto, juu ya mawe meusi yaliyowahi kuwa moto, kando ya ziwa lenye gesi tumboni, na tunachokiogopa ni upepo.

Nilipopata kazi ya usafi kwenye meli ya kwenda Bukavu, mama hakuuliza kama meli ni nzima wala kama kuna makoti ya kuokolea. Aliuliza kama nitakaa mahali penye upepo. Nilimwambia kwamba nimepangiwa nyuma kabisa. Alifurahi sana. Alikwenda kushukuru kanisani.

Nyuma kabisa, ghorofa ya juu, meli yetu ina kabini nne, na kila moja ina kibaraza chake kinachotazama ziwa. Tunaziita balkoni. Ndizo nafasi za wakubwa: mlango wa kioo, pazia, viti viwili, meza ndogo ya chai. Mwenye meli alivinunulia viti hivyo mito myeupe. Myeupe, chini ya bomba la moshi! Siku ya kwanza nilisimama pale nikatazama juu, nikaliona bomba lenyewe, nene kama pipa, limeegemea nyuma kama mtu anayetaka kutapika, nikajiuliza kama bwana huyo amewahi kufua hata kitambaa kimoja maishani mwake.

Masizi yalianguka kila siku. Yaliyokuwa mabaya zaidi ni yale ya robo saa ya kwanza, mashine inapoamshwa na bomba kukohoa yote yaliyolala ndani yake tangu safari iliyopita. Yalishuka kama vipande vya karatasi iliyoungua, mepesi, yakatua kwenye vyuma vya kuegemea, kwenye meza, kwenye ile mito. Baadaye, meli ikishika mwendo, vipande viliacha kuonekana na badala yake likaja lile vumbi laini, lenye mafuta, linalojipaka lenyewe mahali pote. Msimamizi wetu, mama mmoja wa mtaa wa Birere aliyewahi kuuza vitenge na asiyedanganywa na kitambaa, alikuwa na ukaguzi wake: alipitisha kidole kimoja juu ya chuma, taratibu, kisha akakuinulia usoni. Kikiwa cheusi, ulianza upya. Nimeanza upya mara nyingi kuliko ninavyokula.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la mtu wa Goma kabisa. Sisi tumezoea vyeusi vya mlima. Volkano ikitema majivu, au barabara ikitimua lile vumbi la mawe yaliyosagika, unakung'uta, unamwaga maji, unasugua, basi, kimekwisha. Kwa hiyo nilichota ndoo ya maji ya ziwa nikaanza kupangusa mito ya mwenye meli kwa kitambaa chenye maji, kwa nguvu zote, nikitaka kuonekana ninajua kazi. Kilichokuwa nukta kikawa mstari, mstari ukawa wingu. Fundi wa mashine, mzee aliyetoka kisiwa cha Idjwi na ambaye sote tulimwita Muzee, alipanda ngazi kuvuta hewa akanikuta hivyo. Alishika kichwa.

"Mama, uko nafanya nini? Uko namwanga mayi?"

"Niko napangusa, Muzee."

"Ile haiko vumbi ya volkano. Iko mafuta. Ukitia mayi, umeipikia mule ndani." Kisha akacheka hadi akakohoa. "Batu ya Goma muko bamoja tu. Mukiona kintu nyeusi, munafikiri ni mulima ndio umetapika."

Ndiye aliyenifundisha. Masizi hayaguswi yakiwa yametua tu. Unayapuliza, au unayapeperusha kwa ufagio laini, bila kukandamiza. Doa lililobaki unalinyunyizia unga mkavu, hata ule wa muhogo uliooza, unaacha unywe mafuta, unakung'uta. Sabuni inakuja mwisho, na maji baada ya sabuni. Kwa vyuma, kitambaa kikavu chenye tone la mafuta ya taa. Nilijifunza yote hayo vizuri sana. Nikawa bingwa. Hata yule mama wa Birere aliacha kuniinulia kidole.

Kuna jambo jingine Muzee alinifundisha, na hili ndilo linalonikosesha amani. Nilikuwa nimegundua kwamba mlango wa kibaraza ukiwa wazi na meli ikiwa inakwenda, pazia halivutwi nje kuelekea ziwani kama ambavyo ungetazamia. Linajaa kuelekea ndani. Nilimuuliza, zaidi kwa kuchoka kuliko kwa kutaka kujua, kwa nini masizi yanarudi huku wakati bomba linatema kule.

"Meli ikienda, inaacha tundu nyuma yake," alisema. Alinionyesha kwa kiganja, akikisogeza mbele na kuchezesha vidole vya mkono mwingine nyuma yake. "Mupepo inapita pembeni, haiingie mule. Moshi ndio inarudia, inajaza lile tundu. Hapa penye unaona hakuna mupepo, ndio nyumba ya moshi."

Niliitikia kwa kichwa nikaendelea kusugua. Kwa hiyo sitaki mtu aje kuniambia kwamba sikujua. Wapo wanaonipenda ambao husema hivyo. Nilijua. Niliambiwa kwa maneno mepesi, nilionyeshwa kwa vidole, na kila siku niliyafuta majibu kwa kitambaa.

Mama alianza kuishiwa pumzi kiangazi kile ambacho barabara zote za kutoka mjini zilikuwa hazipitiki kwa sababu ya vita. Mwanzoni alisimama katikati ya chumba akijifanya anatafuta kitu. Baadaye aliacha kujifanya. Alilala ameketi, mito miwili mgongoni, kofia yake ya sufu kichwani, dirisha limefungwa na mwanya wake umezibwa kwa kitambaa. Kwenye kituo cha afya walimsikiliza kifua wakasema mapafu yamechakaa, kwamba miaka ya moshi wa jikoni imeyala, na kwamba Bukavu kuna daktari wa mapafu ambaye angeweza kumtuliza, akifikishwa upesi. Mama aliposikia neno moshi alinitazama kama mtu aliyetukaniwa rafiki.

"Ni mupepo," aliniambia njiani. "Bale batoto ba dokta habajue kintu."

Nilikuwa mtoto wake wa mwisho na ndiye pekee niliyekuwa mjini. Baba alikwisha kufa zamani. Ndugu zangu walitawanyika na vita kila mmoja upande wake. Kama mama angefika Bukavu, ni mimi ningemfikisha. Na nilikuwa na meli. Nakumbuka nilivyojivuna. Miaka yote nimeinamia uchafu wa wengine, sasa angalau kitu kimoja kitatoka humo: mama yangu atasafiri kama mke wa mkubwa.

Nilimbembeleza msimamizi anipe kabini moja ya nyuma ambayo haikuwa na mtu. Alifikiri kidogo. "Muweke mule," alisema. "Mbele mupepo itamumaliza." Mabaharia wawili walisema vivyo hivyo. Hata mwanamke aliyeuza mandazi bandarini, alipomwona mama akitetemeka chini ya blanketi, aliniita pembeni kuniambia nisije nikamkalisha mbele. Asubuhi hiyo upepo ulikuwa unatoka kusini, wa baridi, usoni mwa meli. Bandari nzima ilikubaliana nami. Ningalipewa tuzo kwa kumpenda mama yangu.

Tulimpandisha kwa kumshika mikono, wanaume wawili na mimi. Ndani ya kabini kulikuwa na joto la kukosesha hewa, akakataa kulala kwa sababu akilala pumzi ilikatika. Kwa hiyo nilimkalisha kwenye kibaraza, kwenye kiti chenye mto mweupe niliokuwa nimeufua mimi, nikamzungushia blanketi, nikamfunga kitenge kichwani juu ya ile kofia. Alipapasa mkono wa kiti. Akaangalia ziwa.

"Kweli hapa hakuna mupepo," alisema. "Mama, umenipatia fasi ya muzuri." Aliniita mama, kama wazazi wetu wanavyowaita mabinti wao wanapowapendeza.

Pembeni mwa kila kibaraza kulikuwa na turubai lililokunjwa, la kushushwa mvua ikipiga. Mvua haikuwapo. Nililishusha. Nilishusha la kulia na la kushoto nikayafunga kwa kamba chini, nikahakikisha hakuna mwanya. Ikabaki wazi sehemu ya nyuma peke yake, inayotazama maji tunayoyaacha. Mikono yangu ndiyo iliyofunga kamba hizo. Ninazo bado, mikono yenyewe.

Mashine iliamshwa, bomba likakohoa, vipande vikashuka. Nilisimama juu ya mama nikavipeperusha kwa ufagio wangu laini visitue kwenye blanketi. Alicheka. Alisema ninafukuza nzi kama ng'ombe wa kwao Masisi anavyofukuza kwa mkia. Nilicheka nami, kisha nikaitwa kazini, kwa sababu abiria walikuwa wengi na mtoto alikuwa ametapika kwenye ngazi.

Nilirudi baada ya saa moja hivi. Alikuwa anakohoa. Si kile kikohozi chake cha kawaida kilichokuwa na mwanzo na mwisho. Hiki kilikuwa kifupi, kikavu, kimoja baada ya kingine. Nilitazama huku na huku kutafuta upepo unaingilia wapi. Nawaapia, hicho ndicho nilichokitafuta. Niliinama nikapapasa kingo za turubai, nikaona kona moja imelegea, nikaikaza. Nilichukua shuka kitandani nikaifunga pia upande wa nyuma, nusu yake, ili kumkinga zaidi. Pazia la mlangoni lilikuwa limejaa kuelekea ndani, limevimba kama tumbo. Nililiona. Nililisogeza lisimguse usoni.

"Umepata nafuu, mama?"

Aliinua kidole kusema nisubiri. Nikaitwa tena.

Mara ya tatu alikuwa ameinamisha kichwa. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu, na kifua kilikuwa kinapanda bila kushuka vizuri. Nilimwita akafumbua macho lakini hayakunishika. Nilipiga kelele, sijui nilisema nini. Aliyepanda ngazi kwanza alikuwa Muzee, mikono imejaa grisi. Alisimama mlangoni, akavuta pumzi moja tu ya pale ndani, akanisukuma kando.

"Nani ameshusha turubai?"

Niliinama kumkazia mama blanketi.

"Nani ameshusha? Batu banakufa na moshi, habakufe na mupepo!"

Alikata kamba kwa kisu. Alimbeba mama mwenyewe, mzee yule, kifuani kama mtu abebavyo gunia la makaa, akapita naye katikati ya abiria hadi mbele kabisa ya meli, akamkalisha sakafuni penye nanga, uso kwa upepo. Upepo ulikuwa mkali. Ulivuta kitenge kikafunguka. Polepole, vibaya, kwa kelele, mama alianza kuvuta hewa. Na neno la kwanza alilolisema alipoweza kusema, akinishika nguo kwa vidole vya baridi, lilikuwa:

"Hapa iko mupepo. Mama, uniondoshe hapa."

Aliniomba hivyo hadi Bukavu. Nilimkumbatia kwa mgongo wangu kuelekea ziwani, nikimwambia vumilia, vumilia, naye alilia kwa hofu ya kitu pekee kilichokuwa kinamsaidia. Sijawahi kuona safari ndefu hivyo.

Tulipotia nanga nilirudi nyuma mara moja kuchukua mfuko wake wa nguo. Kiti kilikuwa bado pale. Mto wote ulikuwa umegeuka kuwa wa kijivu, isipokuwa mahali alipoegemea: mgongo wake, mabega, na juu yake duara dogo la kichwa. Hapo palibaki peupe, peupe kama nilivyopafua. Ningeweza kukuonyesha bega lake la kushoto lililoinama. Nilisimama nikitazama umbo hilo hadi msimamizi aliponigusa, na kwa mara ya kwanza hakuwa na la kuonyesha kwa kidole.

Hospitalini tulipokelewa na daktari kijana, mtaratibu, mwenye macho ya kutolala. Alimwekea mama hewa ya mtungi, akamsikiliza kifua, akamwinua kidevu. Kisha akachukua pamba akamfuta ndani ya pua. Ilitoka nyeusi. Akachukua nyingine. Nyeusi. Aliniuliza bila ukali:

"Mama alipika leo asubuhi?"

Nilikuwa na muda wa kutosha wa kusema kweli. Hakuna aliyekuwa amenishika koo. Sikuogopa kufukuzwa kazi. Sikuikumbuka hata kazi. Niliona aibu tu. Niliona aibu mbele ya kijana yule, mimi ninayejua masizi yanatuaje na yanatokaje, mimi bingwa wa unga wa muhogo.

"Ndiyo, dokta," nilisema. "Alipika."

"Na makala ya mbabula? Ndani ya nyumba?"

"Ndani."

Alimgeukia mama. Alikuwa amechoka, na labda siku hiyo alikwisha kuona wengi wa aina yake. "Mama, juu ya nini? Mutu mwenye mapafu ya vile hapiki na makala. Unataka kufa?"

Mama alinitazama. Wiki nzima kabla ya safari hakuwa amegusa hata mwiko. Alinyweshwa uji kwa kijiko. Alinitazama juu ya ile barakoa ya plastiki, macho yake yakiwa yamenishika barabara sasa, kisha akamgeukia daktari.

"Unisamehe, dokta," alisema. "Nilikosea."

Alikaripiwa kwa ajili yangu, akiwa hana hata pumzi ya kujitetea. Hata muuguzi alimkaripia baadaye alipokuja kubadili shuka. Alisema samahani kwa huyo pia.

Aliishi siku nyingine tisa. Daktari hakusema kwamba safari ile ndiyo iliyommaliza. Alisema mapafu yalikuwa yamekwisha tangu zamani, na pengine ni kweli. Pengine hata angesafirishwa kwa kitanda cha dhahabu mambo yangekuwa yale yale. Nimeyarudia maneno hayo mara nyingi na hayajanisaidia. Najua alipanda meli akiwa anazungumza na kunitania, akashuka amebebwa. Nilitaka kumwambia. Kila asubuhi niliketi kando ya kitanda nikiwa nimejiandaa, na kila asubuhi nilimkuta amechoka mno, au nilijiambia hivyo. Siku ya saba alikuwa na nafuu kidogo. Nilianza: "Mama, siku ile kwenye meli..."

Akanikatiza kwa mkono.

"Usijisumbue. Kule nyuma kulikuwa bila mupepo. Ulinichunga muzuri."

Sijui hadi leo alimaanisha nini. Labda alijua yote, akawa ananifunika kama alivyonifunika mbele ya daktari. Au labda aliamini kweli, hadi mwisho, kwamba nyuma kulikuwa kuzuri na kwamba kilichomwua ni zile saa za kule mbele, Muzee alipomtoa kwenye joto akamweka kwenye upepo. Siwezi kuamua lipi ni baya zaidi. Kama alijua, alikufa na uongo wangu mdomoni. Kama hakujua, hakuna aliyewahi kunisamehe, kwa sababu hakujua kama kuna cha kusamehe.

Bado nafanya kazi kwenye meli ile. Watu hushangaa; lakini Goma siku hizi mtu haachi kazi kwa sababu ya huzuni. Nilimwomba mwenye meli, kupitia msimamizi, aliongeze bomba urefu au azifunge balkoni. Jibu lilikuja kwamba tununue mito ya rangi ya kijivu. Imenunuliwa. Inapendeza, na uchafu hauonekani.

Na wanakuja. Kila safari kuna mama mwenye mtoto aliyefungwa hadi puani, au kijana anayemsindikiza babu yake mwenye kifua, wananivuta mkono pembeni: dada, tutafutie fasi kule nyuma, kule hakuna mupepo. Nawaambia. Nawaeleza tundu la hewa, nawaonyesha kwa kiganja kama Muzee alivyonionyesha. Nawaambia mama yangu alikaa pale. Wananisikiliza kwa adabu, halafu wanakwenda kumwomba mtu mwingine. Mwanamke mmoja aliniambia kwamba nina roho mbaya, nataka nafasi nzuri niwawekee ndugu zangu. Baadaye nilipita, nikamkuta ameshusha turubai, nikalipandisha. Nilipopita tena alikuwa amelishusha. Nilipandisha naye akashusha hadi Bukavu, na aliposhuka hakuniaga.

Mama nilimrudisha Goma kwa meli hiyo hiyo. Hapakuwa na njia nyingine. Kwenye meli yetu jeneza halisafiri nyuma, kwa kuwa abiria wa kabini hawapendi kuliona. Linafungwa mbele, penye nanga, mahali pale pale alipokuwa ameniomba nimwondoe. Mabaharia walilifunga kwa kamba nne wakaondoka. Nilibaki naye peke yangu. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri na ziwa lilikuwa limetulia, lakini mwendo wa meli wenyewe ulileta upepo, wa baridi, unaoingia mikononi mwa nguo. Nilivua kitenge changu nikamfunika, nikakichomeka chini ya kamba pande zote. Kilipofunguka nilikichomeka tena. Nilifanya hivyo njia nzima, kama mtu asiye na akili.

Mlima ulipoanza kuonekana juu ya mji, mashine ilipunguza mwendo na watu wakaanza kukusanya mizigo yao. Nilikunja kitenge. Halafu, kwa mazoea tu, kabla wabebaji hawajafika, nilipitisha kidole juu ya ubao wa jeneza, taratibu, kutoka kichwani hadi miguuni, nikakiinua nikakitazama. Kilikuwa safi.